Vocha ya nyumba ya Section 8 Marekani: jinsi ya kuomba, kungoja na kuingia bila kupotea kwenye foleni

Maswali yanayokuja ni yale yale. Section 8 inaombewa wapi? Nilijaza mwaka juzi, mbona kimya? Jirani kafika nyuma yangu, mbona yeye kapewa? Section 8 ni vocha ya serikali inayolipa sehemu ya kodi ya nyumba unayopanga. Nimeona niyajibu maswali haya mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa ajili yako unayesoma Kiswahili na kuishi Marekani: uliyeletwa kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, uliyeshinda kesi ya hifadhi ukiwa hapa hapa, au mwenye grinikadi ambaye kodi ya apatimenti inamla mshahara wote.

Nianze na jambo moja. Wengi wetu hatuikosi vocha kwa sababu hatustahili. Tunaikosa kwa sababu barua ilikwenda anwani ya zamani, au jina la mtoto kwenye fomu halifanani na lililo kwenye karatasi yake. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye barua na karatasi kuliko kwenye sheria.

Sheria yenyewe ni hii, kwa ufupi. Fedha zinatoka Washington, kwenye wizara ya nyumba iitwayo HUD. Anayepokea ombi, anayepanga foleni na anayetoa vocha ni mamlaka ya nyumba ya mji au kaunti yako, na mamlaka zinazotoa vocha nchi nzima ni zaidi ya 2,000. Kila moja ina foleni yake na vipaumbele vyake, ndiyo maana aliyopata shemeji yako wa Dallas hayakuhusu wewe uliye Louisville. Ukipata vocha unapanga kwa mwenye nyumba wa kawaida, unalipa takriban asilimia 30 ya kipato chenu, na mamlaka inamlipa mwenye nyumba sehemu inayobaki. Tofauti na fudi stampu, kustahili hakutoshi. Kati ya familia nne zinazostahili msaada wa nyumba wa serikali kuu, moja hivi ndiyo inayoupata.

Kama huna pa kulala usiku huu

Usianze na Section 8. Vocha haitoki leo wala mwezi huu. Piga simu namba 211, sema "Swahili", usubiri mkalimani, kisha useme wazi kwamba huna pa kulala na una watoto wangapi. Watakuelekeza kwenye mfumo ambao miji mingi inauita Coordinated Entry. Ni mlango mmoja: unahojiwa mara moja, unaandikwa kwenye orodha moja, na mashirika yote ya makazi ya mji yanachukua watu kutoka humo. Houston ndio mji unaotajwa zaidi kwa kazi hii. Tangu 2011 mji, kaunti na mashirika yao waliacha kila mmoja kuvuta kamba upande wake, wakaingiza zaidi ya watu 25,000 kwenye nyumba, na idadi ya wasio na makazi ikashuka kwa zaidi ya nusu.

Kuna mtego hapa. Ukisema "nakaa kwa ndugu", mara nyingi kwa HUD huhesabiwi kuwa huna makazi, hata kama mnalala watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili. Usidanganye, ila eleza hali kamili: ndugu kawapa siku ngapi, yeye mwenyewe kapewa onyo na mwenye nyumba wake au la, kuna usiku mliolala ndani ya gari au la. Kama amewaambia mtoke, mwombe aandike barua yenye tarehe. Barua hiyo hubadilisha mengi.

Shule huhesabu tofauti. Kwa sheria ya McKinney-Vento ya 1987, mtoto anayeishi kwa ndugu kwa kukosa nyumba anahesabiwa kuwa hana makazi. Ana haki ya kuandikishwa mara moja hata kama karatasi hazijatimia, na ya kuendelea na shule yake ya mwanzo akipatiwa usafiri. Kila wilaya ya shule ina mhusika wa watoto hao. Ofisi ya shule itakupa jina lake. Mara nyingi mtu huyo anaijua milango ya mji wenu kuliko mtu mwingine yeyote.

Unachohitaji kabla hujagusa fomu

Weka vifuatavyo kwenye bahasha moja, na picha zake kwenye simu:

- Karatasi ya uhamiaji ya kila mtu: I-94 (rekodi ya kuingia nchini), grinikadi, barua ya kukubaliwa hifadhi, au uraia.
- Kadi ya Social Security ya kila mwenye nayo.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa hapa.
- Karatasi za malipo ya mshahara za miezi miwili ya karibuni, na barua za SSI (msaada wa fedha kwa wazee na wenye ulemavu), fudi stampu au msaada mwingine wowote.
- Mkataba wa nyumba mnayoishi sasa na jinsi ya kuwapata wenye nyumba mliowahi kupanga kwao.
- Anwani ya posta ambayo haitahama, namba ya simu na barua pepe unayoifungua mwenyewe.

Jambo la majina nalitilia mkazo kwa sababu linatusumbua sisi kuliko wengine. Kwetu baba, mama na watoto wanaweza wasishiriki jina hata moja, na kambini kila karani aliandika alivyosikia. Kwenye fomu hii huandiki jina unaloitwa nyumbani. Unaandika lililo kwenye karatasi ya uhamiaji, herufi kwa herufi, hata kama karani wa zamani alikosea. Kama karatasi inasema FNU mahali pa jina la kwanza, yaani jina la kwanza halijulikani, andika FNU. Kusahihisha jina ni kazi nyingine, ya ofisi nyingine. Usiianzie kwenye fomu ya nyumba.

Tarehe ni vivyo hivyo. Familia zetu zimejaa watu waliozaliwa 01/01, na karani anayewaona wanne nyumba moja anaweza kuuliza. Mjibu tu kwamba ndivyo ilivyoandikwa kambini. Na kumbuka Wamarekani wanatanguliza mwezi: 05/03 ni tarehe 3 Mei. Nimeona watoto wakiongezewa miezi miwili na fomu kurudishwa kwa ajili hiyo tu.

Kuhusu hati: mkimbizi, aliyekubaliwa hifadhi na mwenye grinikadi wamo kwenye orodha ya wanaostahili. Anayengoja kesi ya hifadhi kuamuliwa, kwa hati hiyo peke yake, bado. Nyumba ikiwa na mchanganyiko, mathalani mama bado anangoja na mtoto ni raia, kanuni imekuwa kwamba msaada unakatwa kwa uwiano wa wanaostahili. Mambo ya uhamiaji yamekuwa yakiguswa mara kwa mara, kwa hiyo kama nyumba yenu ni ya mchanganyiko pitia kwanza kwa wakili wa msaada wa sheria wa bure kabla ya kusaini tamko lolote.

Hatua kwa hatua

1. Orodhesha mamlaka za nyumba zote unazoweza kufika, sio ya mji wako tu.
Mtandao wa HUD una orodha ya mamlaka kwa kila jimbo. Tafuta ya mji wako, ya kaunti, na za miji ya jirani. Hakuna sheria inayokuzuia kuwa kwenye foleni tano kwa wakati mmoja, na kuingia ya pili hakukutoi ya kwanza. Jua hili tu: kama hukuwa mkazi wa eneo hilo siku uliyoomba, mamlaka inaweza kukutaka uishi kwao mwaka wa kwanza kabla ya kuhamisha vocha.

Onyo: kuomba ni bure, kila mahali. Tovuti inayodai dola 30 ili "kukuingiza Section 8", au mtu wa mtaani anayesema ana mkono ndani ya ofisi, ni wezi. Tovuti nyingi za aina hiyo zina picha ya bendera na maneno mazuri. Ukitilia shaka, piga simu ofisini kwa namba uliyoipata kwenye orodha ya HUD, sio iliyo kwenye tangazo.

2. Vizia foleni inapofunguliwa.
Mara nyingi foleni imefungwa. Hufunguliwa kwa siku chache, kisha hufungwa tena kwa miaka. New York City ilifungua yake kwa wiki moja ya Juni 2024, baada ya karibu miaka 15, na maombi yakapita 600,000. Wakachagua 200,000 kwa bahati nasibu, na hao 200,000 ndio walioingia foleni tu, vocha bado.

Ndiyo jibu la swali la jirani aliyefika nyuma yako. Palipo na bahati nasibu, kuwahi saa sita usiku hakukupi kitu, ilimradi uombe kabla hawajafunga. Mahali pengine wanafuata tarehe na saa, na huko kuwahi ni dhahabu. Soma tangazo lao ujue ni ipi. Jiandikishe upate taarifa kwa barua pepe kama wanazo, na mwombe mhudumu wa kesi yako, mtu wa kanisani au wa msikitini akuambie akisikia. Nafasi hizi huwa zinasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp siku moja baada ya kufungwa.

3. Jaza ombi, na utazame vipaumbele kwa makini.
Ombi la kwanza huwa fupi: nani wanaishi, kipato, anwani. Sehemu inayorukwa na watu ni ile ya vipaumbele. Mamlaka nyingi hutanguliza wasio na makazi, wanaoishi au kufanya kazi ndani ya mji, wazee, wenye ulemavu, waliokimbia ukatili wa nyumbani, au wanajeshi wastaafu. Kama una kazi ndani ya mji ule, hata kama unalala mji wa pili, weka alama. Kisanduku kimoja kinaweza kukuvusha mbele ya maelfu ya watu. Usiweke alama pasipo ukweli, maana utaombwa ushahidi.

Waandike wote mnaoishi pamoja, akiwemo kijana wa miaka 20 anayefanya kazi kiwandani. Najua kwa nini watu humficha: mshahara wake unapandisha kodi. Lakini jina lake likitokea kwenye mfumo wa mishahara wa serikali, na hutokea, mtaitwa walaghai, mtadaiwa fedha mlizopewa na mnaweza kupoteza vocha.

Kuna fomu ya hiari inayokwenda pamoja na ombi, HUD-92006, inayokuruhusu kumtaja mtu au shirika la kuwasiliana nalo wakikukosa. Ijaze. Kama mmehama mara tatu tangu mfike, taja mtu asiyehama: mchungaji, shirika lililowapokea, dada mwenye nyumba yake. Ni karatasi moja tu, lakini sijaona iliyookoa watu wengi kama hiyo.

4. Linda nafasi yako kwenye foleni.
Hapa ndipo tunapopotea. Mamlaka husafisha orodha yao kila baada ya muda: wanatuma barua au ujumbe unaouliza "bado unataka?" na wanakupa siku chache kujibu. Usipojibu, unafutwa. Hawapigi simu kukubembeleza.

Kwa hiyo: chukua namba ya uthibitisho siku uliyoomba, ipige picha. Ukihama, badilisha anwani kwa kila mamlaka uliyoomba, kwa maandishi, kisha nenda posta ukajaze fomu ya kuhamisha barua. Ukizaa, ukioa, ukibadilisha namba ya simu, waambie pia. Na barua yoyote yenye nembo ya mamlaka ya nyumba isilale mezani eti mpaka mtoto arudi shule aisome. Piga picha utume kwa anayejua Kiingereza siku hiyo hiyo.

5. Ukiitwa kwenye mahojiano.
Jina likifika juu, wanakuita kuthibitisha uliyoandika. Peleka bahasha yako. Kabla ya siku, waambie kwa simu au maandishi unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kama wewe ni wa Kongo sema hivyo, kwa sababu mkalimani wa Kiswahili cha Mombasa na mama wa Fizi wanaweza kukaa dakika tano hawajaelewana neno "loyer", yaani kodi ya nyumba. Usimtumie mtoto wako. Mtoto wa miaka 13 hatakiwi kujua madeni yako, na akikosea tarehe kosa ni lako.

Watakagua kipato: kwa kawaida kisizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo kwa familia ya ukubwa wenu, na angalau vocha tatu kati ya nne mpya za mwaka lazima ziende kwa wenye kipato cha chini kabisa. Watakagua pia makosa ya jinai na madeni kwa mamlaka nyingine. Ukisaini, omba nakala ya kila kitu.

6. Vocha imetoka. Hesabu siku.
Unapewa angalau siku 60 za kutafuta nyumba. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye vocha yenyewe. Iandike ukutani.

Tazama pia idadi ya vyumba. Mamlaka nyingi huhesabu chumba kimoja kwa watu wawili, kwa hiyo familia ya wanane inaweza kupewa vocha ya vyumba vinne, nyumba ambazo ni adimu karibu kila mji. Anza kuzitafuta siku ile ile.

Sasa hesabu, kwa mfano wa kubuni. Kipato chenu baada ya makato ya mamlaka ni dola 2,400 kwa mwezi. Asilimia 30 yake ni 720. Kiwango cha malipo, yaani kikomo ambacho mamlaka inakitumia kuhesabu msaada wake, kwa vyumba vitatu kwenye mji wenu ni 1,500. Ukipata nyumba ya 1,450 pamoja na umeme na maji, unabeba 720, wao 730. Ukipata ya 1,700, wao wanakomea kwenye 1,500 toa 720, yaani 780, na wewe unabeba 920. Inakubalika. Ya 1,800? Ungebeba 1,020, ambayo inavuka asilimia 40 ya kipato chenu, yaani 960. Nyumba inayozidi kiwango cha malipo na kukuvusha asilimia 40 mwanzoni mwa mkataba, hawaipitishi, hata kama wewe mwenyewe uko radhi kufunga mkanda. Fanya hesabu hii kabla ya kwenda kuitazama nyumba, na uulize umeme na gesi ni juu ya nani.

7. Mtafute mwenye nyumba atakayeikubali.
Wengine watakuambia hawataki Section 8. Kama wanaruhusiwa kusema hivyo inategemea unaishi wapi. New Jersey, Massachusetts, Oregon na Washington ni kati ya majimbo yanayokataza kumkataa mtu kwa sababu ya vocha. Texas tangu 2015, Iowa tangu 2021 na Kentucky tangu 2024 zimekwenda kinyume: zimeizuia miji yake kutunga katazo hilo. Bahati mbaya hayo matatu ni majimbo tuliko wengi. Ila popote ulipo, sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye nyumba ya 1968 (Fair Housing Act) inamkataza mwenye nyumba kukukataa kwa rangi, dini, nchi uliyotoka au kwa kuwa una watoto.

Kinachosaidia kwenye miji migumu: muulize mhudumu wa vocha orodha ya wenye nyumba wanaopokea, nenda ofisi ya jengo mwenyewe badala ya kutuma ujumbe, na beba barua ya mwenye nyumba wa zamani inayosema ulilipa kwa wakati. Andaa dipoziti. Kwa kawaida vocha hailipi dipoziti wala ada ya kuomba, kwa hiyo ziulizie mapema kwa shirika lililowapokea, kwa makanisa au kwa 211.

Mwenye nyumba akikubali, mjaze pamoja karatasi ya kuomba kibali cha upangaji uliyopewa na vocha, uirudishe ofisini. Muulize mhudumu kama siku zinasimama kuhesabiwa pindi unapoirudisha.

8. Ukaguzi kwanza, funguo baadaye.
Mkaguzi wa mamlaka lazima apitishe nyumba. Pita wewe kabla yake: king'ora cha moshi kinalia ukikibonyeza? Madirisha yanafunga? Jiko linawaka plate zote? Maji ya moto yapo? Kama jengo ni la kabla ya 1978 na una mtoto chini ya miaka sita, tazama rangi inayobanduka ukutani na kwenye fremu za madirisha, kwa sababu ya madini ya risasi. Nyumba nyingi huanguka kwa vitu vya dola ishirini.

Onyo: usihamie kabla ukaguzi haujapita na mamlaka haijakupa tarehe. Siku zote utakazokaa kabla ya tarehe hiyo, kodi kamili ni yako. Mwenye nyumba atakwambia "ingia tu, watalipa". Hawatalipa.

9. Ukishaingia.
Ripoti mabadiliko ya kipato na ya watu kwa maandishi, ndani ya muda waliokupa. Kila mwaka, au kwa ratiba ya mamlaka yenu, watapitia upya kipato. Ukikosa miadi hiyo unaanza kupoteza msaada.

Halafu kuna ndugu. Kwetu binamu akifika hapewi tarehe ya kuondoka. Kwenye mkataba wako kuna tarehe: tafuta siku ngapi mgeni anaruhusiwa kulala kabla ya kuhesabiwa kuwa mkazi. Akipitiliza bila jina lake kuongezwa, mnahatarisha nyumba nyote, wewe na yeye. Mweleze mapema, siku anayofika, na kama atakaa, omba aongezwe. Usingoje afisa aone barua zake kwenye sanduku lako la posta.

Milango mingine wakati unangoja

Uliza kama mamlaka ina nyumba zake yenyewe. Foleni yake ni nyingine na pengine fupi. Tafuta pia majengo yaliyojengwa kwa punguzo la kodi ya serikali, mpango ulioanza 1986, unaojulikana kama tax credit. Unaombea ofisini kwa jengo lenyewe. Kodi ya kupanga humo imewekewa kikomo, ingawa haishuki kipato chako kikishuka. Na mpango huo wenyewe hauna sharti la hati ya uhamiaji ndani ya sheria yake, kwa hiyo anayengoja kesi ya hifadhi aanzie huko.

Mambo yakikwama

*Umefutwa kwenye foleni.* Andika barua kueleza kwa nini hukujibu: barua ilirudi posta, ulikuwa hospitali, haikuwa na tafsiri. Ambatanisha ushahidi. Kama ulemavu au ugonjwa ndio uliokuzuia, sema hivyo waziwazi, kwa sababu wanalazimika kulizingatia. Wapo wanaorudishwa mahali pao.

*Umekataliwa.* Barua lazima iseme sababu na jinsi ya kuomba mapitio. Siku ni chache, mara nyingi kumi au kumi na nne, na pengine zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Omba mapitio kwanza kwa mstari mmoja, ushahidi utauleta baadaye. Kisha tafuta msaada wa sheria wa bure wa kaunti yenu.

*Siku 60 zinakwisha.* Omba nyongeza kwa maandishi kabla hazijaisha, ukiambatanisha orodha ya nyumba ulizozitafuta: anwani, tarehe, jibu. Iandike orodha hiyo tangu siku ya kwanza. Familia kubwa inayotafuta vyumba vinne ina hoja nzuri, iseme.

*Nyumba imeanguka ukaguzi.* Mwenye nyumba anapewa muda wa kutengeneza. Mkumbushe, na wakati huo huo endelea kutafuta nyingine.

*Kazi imeisha.* Usingoje mapitio ya mwaka. Ripoti wiki hiyo hiyo, sehemu yako ya kodi ishushwe. Ukichelewa, deni la miezi ya nyuma kwa kawaida linabaki lako.

*Mwenye nyumba anadai dola 150 zaidi mkononi.* Hairuhusiwi kulipa kodi ya pembeni isiyo kwenye mkataba, na ukilipa mnavunja kanuni wote wawili. Mjibu kwa ujumbe ulioandikwa, upate ushahidi, kisha mwambie mhudumu wako.

*Mnataka kuhamia jimbo jingine.* Vocha inaweza kuhama nanyi. Toa taarifa kwa mamlaka yenu na kwa mwenye nyumba kabla ya kufunga mizigo, ngoja wapeleke faili huko mnakokwenda, na uulize kiwango cha malipo cha huko. Vocha iliyotosha Des Moines inaweza isitoshe Denver.

*Umepata karatasi ya kufukuzwa.* Mwenye nyumba hawezi kubadilisha kufuli wala kutupa vitu nje bila mahakama. Ila karatasi ikiwa na tarehe ya mahakama, nenda, hata kama umeshalipa, hata kama mwenye nyumba kakuambia mmemalizana. Usipotokea hakimu huamua bila wewe, na hukumu hiyo inaweza kuonekana kila utakapoomba nyumba. Fika mapema, na uulize kwa karani kama kuna wakili wa bure siku hiyo.